MZIGO HAUNA BREKI

Wakati wa mavuno barabara zetu hujaa magari madogo yaliyobeba watu na magunia pamoja. Baba yuko kwenye usukani. Mama na watoto wako ndani. Nyuma yao kuna mahindi, viazi, madumu, kuku na masanduku ya nguo. Gari limelala nyuma kama punda aliyechoka. Watu wakiliona wanasema, "Ama kweli, hawa wamevuna!"

Ni jambo zuri familia kuwa na gari lake. Gari linapeleka mgonjwa hospitali, linafikisha mazao sokoni na linatuunganisha na ndugu walio mbali. Lakini je, umewahi kujiuliza mzigo ulio nyuma yako utakwenda wapi dereva akikanyaga breki kwa ghafla? Leo tulizungumze jambo hili, maana linahusu shingo na vichwa vya watoto wetu.

SAFARI YA HARUSI

Tuchukue mfano wa familia moja ya kufikirika. Familia hii inaishi katika kijiji cha mkoa wa Iringa. Wana gari dogo, stesheni wagoni, ambalo lina nafasi ya mizigo nyuma ya viti. Kesho alfajiri wanakwenda Morogoro kwenye harusi ya dada yake baba. Watakuwa watu watano: baba, mama, bibi na watoto wawili.

Jioni baba anapakia. Anaweka gunia la mahindi, gunia la viazi, dumu la mafuta ya alizeti na sanduku la nguo. Bibi naye analeta kinu na mchi wake. "Hiki ni cha binti yangu," anasema. "Mwanamke hawezi kwenda kuanza nyumba bila kinu." Baba anakipokea na kukiweka juu kabisa, juu ya magunia. Kinu kinakaa nyuma tu ya mahali watakapokaa watoto.

Mama anatazama. Anasema, "Baba watoto, mbona kinu kiko juu ya vichwa vya watoto?"

Baba anajibu, "Kimekaa vizuri, mama watoto. Kizito hivi kitakwenda wapi?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kitu kizito hakiendi popote. Kumbe kitu kizito ndicho kigumu zaidi kukisimamisha.

GARI LINASIMAMA, MZIGO UNAENDELEA

Gari likienda, kila kilichomo kinakwenda nalo kwa mwendo ule ule. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Wewe unapita mita 14. Gunia linapita mita 14. Kinu nacho kinapita mita 14.

Sasa dereva anakanyaga breki. Breki zinashika magurudumu, magurudumu yanasimamisha gari. Je, nani anasimamisha kinu? Hakuna. Kinu hakina breki. Kama hakikufungwa, kitaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule mpaka kikutane na kitu cha kukizuia. Kitu hicho kinaweza kuwa kiti. Kinaweza pia kuwa kichwa cha mtoto.

Tupime nguvu yake. Kitu kinachokwenda kilomita 50 kwa saa kinagonga kwa nguvu sawa na kitu kilichoanguka kutoka juu karibu mita 10. Huo ni kama urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka mita 25. Huo ni urefu wa mti mrefu wa mlingoti. Hebu fikiri: nani atakubali mtoto wake asimame chini ya mlingoti huku mtu yuko kileleni anaachia kinu?

Angalia tena namba hizo. Mwendo haukufika hata mara mbili, lakini urefu wa kuanguka umezidi mara mbili. Ndiyo maana mwendo wa kasi ni hatari kuliko tunavyodhani.

Wala si kinu peke yake. Jembe, panga, jeki, spana, tairi la akiba, chupa ya soda, hata simu iliyowekwa juu ya dashibodi, vyote vinaruka. Kitu kidogo kina hatari nyingine tena. Chupa ikiviringika chini ya miguu ya dereva inaweza kuingia chini ya pedeli ya breki. Dereva anakanyaga, pedeli haishuki. Basi, kwa sababu ya chupa tupu, gari zima halina breki.

SOMA NAMBA ZA GARI

Kabla ya kupanga mzigo, lazima tujue gari linaweza kubeba kilo ngapi. Usiulize mitaani. Gari lenyewe linasema, na wewe unajua kusoma.

Magari mengi yetu yametoka Japani. Japani ina sheria kwamba gari la mizigo liandikwe nyuma uzito wa mwisho wa mzigo wake. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni hizi hizi zetu. Kwa mfano, Toyota Probox za mizigo, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, nyingi zina alama hii nyuma: 400 (250) kg.

Maana yake ni nini? Namba ya kwanza, 400, ni kilo za mzigo wakiwamo watu wawili tu, wale wa mbele. Namba iliyo katika mabano, 250, ni kilo za mzigo wakiwamo watu watano. Watu wakiongezeka, mzigo upungue. Gari halijali kama ni mtu au ni gunia. Kwake vyote ni uzito.

Kama gari lako halina alama hiyo, angalia kitabu cha gari. Fungua pia mlango wa dereva uangalie kibandiko kilicho pembeni. Magari mengi yana kibandiko hapo kinachoonyesha upepo wa tairi. Mara nyingi huonyesha upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa za baridi, kabla ya kuanza safari. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa inapata joto, na joto likizidi inapasuka.

HESABU YA MAMA

Turudi kwa familia yetu. Gari lao lina alama ya 400 (250). Mama anachukua kalamu na karatasi. Anaandika hivi:

Gunia la mahindi: kilo 100
Gunia la viazi: kilo 80
Dumu la mafuta ya alizeti, lita 20: kilo 18
Sanduku la nguo: kilo 20
Kinu na mchi: kilo 15
Jumla: kilo 233

"Tuko watano," mama anasema. "Mwisho wetu ni kilo 250. Zimebaki 17."

Mara mdogo wake baba anaingia uani amebeba kiroba cha maharage, kilo 50. "Shemeji," anamwambia mama, "hiki kidogo tu. Mfikishieni rafiki yangu pale Morogoro mjini."

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeomba huona mzigo mwepesi, maana si springi zake zitakazovunjika. Mama anamwonyesha karatasi. "Tazama mwenyewe, shemeji. Kilo 233 ukijumlisha 50 ni 283. Tutazidisha kilo 33. Na nyuma wamo wanao hawa wanaokuita baba mdogo."

"Sasa itakuwaje, shemeji?"

"Tupime kilo 15, tuzichukue. Jumla 248. Zilizobaki zipande lori la siku ya mnada."

Shemeji anacheka. "Haya, mwalimu wa hesabu. Leteni mizani."

Ndugu msomaji, hesabu hii haichukui hata dakika kumi. Kumbuka vipimo hivi. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la lumbesa usilikisie. Sheria ya vipimo hailiruhusu, na tena hujui limeficha kilo ngapi. Kama watu waliomo ni wanene, punguza mzigo zaidi.

Mtu akisema, "Mbona fulani anabeba kilo 500 na gari linakwenda?", mwambie kwamba kwenda si kazi. Kazi ni kusimama. Gari lililozidiwa linahitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame. Siku mtoto wa mtu akikatiza barabara, nafasi hiyo haitakuwapo.

NAMNA YA KUPANGA

Kwanza, kizito kikae chini. Gunia la mahindi na la viazi yawe sakafuni. Kinu nacho kishuke kutoka juu, kilazwe sakafuni. Vyepesi, kama nguo na vikapu vya kusuka, ndivyo vikae juu.

Pili, kizito kisogee mbele, kiguse mgongo wa kiti cha nyuma. Usiache nafasi katikati. Mzigo ulioachiwa nafasi hupata mbio kabla ya kugonga.

Tatu, gawa uzito kushoto na kulia. Gari lililolemea upande mmoja huvutwa upande huo, hasa kwenye kona.

Nne, usiweke uzito mwingi mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Nyuma ikilemewa, pua ya gari inainuka. Magurudumu ya mbele yanagusa barabara kwa wepesi, na usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea. Usiku taa nazo zinainuka na kumpiga machoni dereva anayekuja mbele yako. Yeye haoni, na wewe huna uhakika wa usukani.

Tano, mzigo usipite urefu wa mgongo wa kiti. Kinachozidi hapo ndicho kitakachorukia vichwa vya watu. Tena dereva lazima aone nyuma kupitia kioo chake.

Sita, hakikisha mgongo wa kiti cha nyuma umeshika. Viti vingi vya nyuma hulala ili kuongeza nafasi ya mizigo. Ukikirudisha, kisukume mpaka usikie "kwa!". Kisha kivute kwa mkono. Kama kinacheza, hakijashika. Siku ya breki kitalala mbele pamoja na magunia.

Kama hakuna mtu kwenye kiti cha nyuma, funga mikanda ya kiti hicho hata hivyo. Mikanda ikifungwa inasaidia mgongo wa kiti kuhimili mzigo.

KAMBA NA FUNDO

Kupanga bila kufunga ni kazi nusu. Tazama sakafu na kuta za sehemu ya mizigo. Katika magari mengi utaona pete au vyuma vilivyopinda. Hivyo havikuwekwa kama pambo. Ni mahali pa kufungia kamba. Usifunge kamba kwenye mpini wa mlango, wala kwenye plastiki.

Kamba nzuri ni ile isiyovutika. Wengi wetu tunapenda kutumia mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani. Mpira unafaa kuzuia kikapu au godoro lisicheze. Haufai kushika gunia au kinu. Mzigo mzito ukivuta, mpira unarefuka, na mzigo unapita.

Kamba ya katani ni imara, lakini ina tabia yake. Ikilowa inajikaza. Ikikauka inalegea. Ukifunga asubuhi yenye ukungu, mchana jua likiwaka fundo lako halitakuwa lile lile. Ipo pia mikanda ya kufungia mizigo yenye chuma cha kukazia. Hiyo ni bora kuliko zote, mradi isiwe imekatika nyuzi.

Pitisha kamba juu ya mzigo kwa mkingamo, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, mara mbili. Kisha usukume mzigo kwa nguvu. Ukicheza, anza upya. Ukishaendesha kilomita kumi hivi, simama mahali salama ukaze tena, kwa sababu magunia hujishindilia na kamba hulegea.

MZIGO WA JUU YA KERIA

Paa la gari si sakafu. Uzito unaoruhusiwa juu ya keria ni mdogo sana. Kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo katika hesabu hiyo. Kitabu cha gari kinasema ni ngapi kwa gari lako. Kwa hiyo gunia moja la mahindi linaweza kumaliza ruhusa yote, au kuizidi.

Hatari ya keria ni hii. Mtu aliyebeba ndoo kichwani hageuki ghafla, maana anajua ataanguka. Gari nalo ni hivyo. Uzito ukiwa juu, gari linayumba kwenye kona na linapinduka upesi. Basi juu tuweke vyepesi tu: godoro, matenga matupu, mikeka. Tena tuvifunge mbele, nyuma na pembeni. Upepo wa mbele huingia chini ya godoro na kulinyanyua. Ukiwa na mzigo juu, kata kona polepole.

VITU VISIVYOKAA NA WATU

Kuna mizigo ambayo haifai kupanda pamoja na watu, hata ikifungwa namna gani.

Petroli. Usiiweke ndani ya gari kwenye dumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kujikusanya. Cheche moja inatosha. Na kama ni lazima kujaza chombo cha mafuta kituoni, kishushe chini ardhini kwanza. Usikijaze kikiwa ndani ya buti au juu ya pikapu.

Dawa za mimea na wadudu. Zikimwagikia unga au nguo, huwezi kuziona wala huwezi kuziosha zikaisha. Zisisafiri pamoja na chakula.

Nafaka iliyotiwa vidonge vya kufukizia. Hapa tusikilizane sana. Vile vidonge vya kuua wadudu wa ghalani vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini. Ghalani gesi hiyo inaua wadudu. Ndani ya gari lililofungwa vioo inaua watu. Kwa hiyo usitie vidonge kwenye mahindi ya safari. Na kama mahindi yalishafukizwa, usiyapakie mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zimekwisha na yamepigwa hewa vizuri.

Jiko au mkaa wenye moto. Hata kaa moja lililofichwa na majivu linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko lizimwe kabisa, lipoe, ndipo lipakiwe.

Mtungi wa gesi ya kupikia. Kama huna budi kuubeba, uwe umefungwa koki, usimame wima, ufungwe kwa kamba usianguke, na vioo viwe wazi. Ukifika, ushushe mara moja. Usiuache ndani ya gari juani.

MLANGO WA NYUMA

Mara nyingine mzigo ni mrefu, kwa mfano mbao au mabati. Tunauacha mlango wa nyuma wazi na kuufunga kwa kamba. Tunadhani tumemaliza. Kumbe gari likienda, hewa ya nyuma huvutwa ndani, na moshi wa ekzosi huingia nayo. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anasinzia. Watu wanasema, "Mtoto amechoka na safari." Kumbe mtoto anavuta sumu.

Basi mzigo mrefu tuupeleke kwa gari la mizigo lililo wazi. Mzigo ukitokeza nyuma, funga kitambaa chekundu mwishoni ili wanaokufuata wauone mchana. Usifunike taa wala namba za gari.

MTOTO SI MZIGO

Katika mfano wetu, asubuhi imefika. Mtoto mdogo anataka kulala kule nyuma juu ya magunia. "Huku kuna nafasi, mama. Nitalala vizuri."

Bibi anasema, "Mwacheni mjukuu wangu alale."

Mama anamjibu kwa upole, "Mama, kule hakuna mkanda wala kiti. Gari likifunga breki, yeye atakuja mbele na magunia yatakuja nyuma yake." Bibi anafikiri kidogo. Kisha anapiga mkono kando yake kwenye kiti. "Njoo ukae na bibi."

Wote wanafunga mikanda, wa mbele na wa nyuma. Mtu wa nyuma asiyefunga mkanda naye ni mzigo usiofungwa. Atamrukia aliye mbele yake.

Wenye pikapu nao wasikie. Nyuma ya pikapu ni mahali pa mizigo. Kupandisha watu juu ya magunia ni kuwaweka mahali ambapo shimo moja la barabara linawatupa chini. Funga mlango wa nyuma wa pikapu kwa komeo zote mbili, na mzigo mwepesi ufunikwe kwa turubai au wavu, usije ukaruka na kumwangukia mwenye baiskeli.

NJIANI

Familia yetu inaondoka. Wanateremka mlima Kitonga. Hapo mzigo unasukuma gari kutoka nyuma. Dereva akikanyaga breki muda wote, breki zinapata moto na kuacha kushika. Baba anafanya inavyopasa. Kabla ya kuanza kuteremka anaweka gia ndogo, injini inazuia gari, na breki anazigusa kwa vipindi. Gari la otomatiki nalo lina gia za kuteremkia. Baadhi ya magari yameandikwa 2 na L, mengine yameandikwa B.

Chini ya mlima wanasimama. Baba anashuka, anafungua mlango wa nyuma, anagusa kamba. Imelegea kidogo. Anaikaza.

Baadaye wanapita Mikumi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, na wanyama huvuka wakati wowote. Baba anakwenda polepole. Mara swala anachomoka kwenye majani. Baba anakanyaga breki kwa nguvu. Mikanda inawashika watu vifuani. Gari linasimama. Swala anapita.

Ndani kuna kimya. Baba anageuka kutazama nyuma. Magunia yako pale pale. Kinu kiko sakafuni, kimefungwa kwa kamba, hakikusogea. Kilichoanguka ni kitenge cha bibi tu, kutoka mapajani.

Baba anamtazama mama. "Kingekuwa kule juu nilikokiweka..." anasema, na hamalizi.

Ndugu msomaji, hakuna haja ya kumalizia. Wewe na mimi tunajua.

TUKUMBUKE

1. Soma uzito unaoruhusiwa, kisha jumlisha mzigo wako.
2. Kizito chini, mbele na katikati. Chepesi juu.
3. Funga kila kitu, na ukaze tena njiani.
4. Juu ya keria weka vyepesi tu.
5. Petroli, sumu, moto na nafaka yenye vidonge visipande na watu.
6. Usiendeshe na mlango wa nyuma wazi.
7. Kila mtu kwenye kiti chake, na mkanda wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini kitu kizito kisichofungwa ni hatari zaidi ya chepesi?
2. Mtu akikuomba umbebee gunia na gari limejaa, utamjibuje bila kuvunja udugu?
3. Gari lina alama ya 400 (250) kg. Wamo watu watano. Wana gunia moja la mahindi la kilo 100, mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kila mmoja, na maji lita 20 kwenye dumu. Je, waende?

Jibu la swali la 3: Mahindi 100, saruji 150, maji 20. Jumla ni kilo 270. Wamezidisha kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Wasiende hivyo. Washushe mfuko mmoja wa saruji, ibaki 220.

Mchukue mwenye gari hapo kijijini, mwende pamoja nyuma ya gari lake, mtafute namba hizo. Kama hajui kusoma, msomee.